Mkalimani Husema "Mimi"

Kanuni ya kwanza ya ukalimani wa hospitali ni kwamba huruhusiwi kusema "anasema kwamba". Mgonjwa akisema "walinifunga", na wewe unasema kwa Kiingereza "walinifunga", kana kwamba yaliyompata yamekupata wewe. Kwa daktari wa meno hilo halina shida. Kwa mshauri wa saikolojia, ukiwa umekaa kati ya mama wa Kivu Kusini na mtaalamu Mmarekani, unajikuta ndani ya saa moja umefungwa, umekimbia, umezika watu porini. Kisha unatoka kwenda kuchukua watoto shule.

Ndiyo kazi yangu hapa Louisville, Kentucky. Kwetu ni Kasulu, Tanzania, nimekua nikiona malori ya UN yakielekea Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Sikuwahi kuwaza kwamba watu wale wale tungekuja kupanga foleni moja ya mkate huku, wao wakitoka zamu ya usiku kwenye maghala na viwanda vya nyama. Visa vyao sitavisimulia. Nimesaini kutunza siri, na hata nisingesaini, si vyangu. Ninachoweza kueleza ni tiba yenyewe, maana naona wengi wetu wanaikimbia kabla ya kuijua.

Hakuna anayefika kliniki akasema ana kiwewe. Anasema, "Mwili yote inaniuma." Anapigwa picha ya mgongo, anapimwa tumbo, anapimwa damu, majibu yanatoka safi, anarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Kuna dodoso fupi ambalo wakimbizi wengi hujaziwa wakifika Marekani, lenye maswali 15, lililotengenezwa Seattle, na toleo la Kiswahili lipo. Nalipenda kwa sababu halimuulizi mtu kama ana ugonjwa wa akili. Linaanza na maumivu ya misuli, mifupa na viungo, linafuata la huzuni, kisha la mawazo mengi kichwani, na majibu yana picha za mitungi, mmoja mtupu na mwingine umejaa. Mzee ambaye hakusoma anaweka kidole kwenye mtungi uliojaa, na mazungumzo yameanza.

Shida huja hapo daktari anapotamka neno "saikolojia". Wengi husikia "kichaa". Mama mmoja akionekana anaingia jengo lile, Jumapili kanisa zima lina habari. Simlaumu anayekataa. Mchungaji alikuwepo kambini miaka kumi na zaidi wakati mtaalamu hayupo, na maombi yaliwashikilia watu wasianguke. Ninachopinga ni mchungaji anayemwambia mtu aache dawa au asirudi kliniki kwa kuwa ni mapepo. Wapo pia wachungaji wanaowasindikiza waumini mpaka mapokezi, na ningependa tuwasikie hao zaidi.

Sasa, mle ndani kunafanyika nini? Njia ziko nyingi. Ile ninayoifahamu zaidi iliandaliwa na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na msingi wake ni kusimulia maisha yako yote kwa mpangilio. Mtaalamu anatandaza kamba sakafuni. Mwanzo wa kamba ni siku uliyozaliwa. Unaweka ua palipokuwa na heri: ndoa, mtoto, shule, ng'ombe wa kwanza. Unaweka jiwe palipokuwa na ubaya. Kisha, kikao baada ya kikao, mnapita kila jiwe polepole: ulikuwa wapi, saa ngapi, ulisikia harufu gani, mwili ulifanya nini, na sasa hivi unapolisema mwili unafanya nini. Mtaalamu anaandika. Kikao kinachofuata anakusomea, unamsahihisha, mnaendelea. Mwisho unakabidhiwa hadithi yako yote kwenye karatasi.

Watu huuliza, kwa nini nichokonoe kidonda? Jibu nililolielewa mimi ni hili. Kumbukumbu ya kawaida ina mahali pake na mwaka wake. Ya kiwewe huja bila tarehe. Fataki za tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, zinalia, harufu ya dizeli inapita, na mwili unaamini kwamba ni usiku ule ule na askari wako mlangoni. Kuisimulia kwa mpangilio ni kuirudishia tarehe. Haisahauliki, lakini inakaa nyuma, ilikokuwa.

Na wasikudanganye kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Njia hii ilijaribiwa Nakivale, Uganda, kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo palepale kambini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: katika ufuatiliaji, asilimia 70 ya waliotibiwa kwa kusimulia hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe, kwa waliofuatiliwa tu bila tiba ilikuwa asilimia 37. Ushauri nasaha mwingine uliojaribiwa sambamba nao ulifika asilimia 65, kwa hiyo sidai kwamba kamba na mawe ndiyo dawa pekee.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu havijalimaliza. Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo. Siku hiyo hiyo Marekani ilianza kutekeleza amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na kabla ya hapo safari zilizokwisha kukatiwa tiketi zilikuwa zimefutwa. Mtu yuko hapa, mke yuko kambini, mama yake yuko Goma, na simu inaleta video za maiti barabarani wakati wa mapumziko ya chai kazini. Jiwe hilo utaliweka wapi kwenye kamba? Mwezi ule vikao vingi vilikuwa vya bili, makaratasi na namna ya kuzima simu usiku. Nilimwona mtaalamu mzuri kwa hilo: aliweka kamba pembeni.

Kwa anayetaka kuanza, haya ndiyo ya kujua. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupa mkalimani bure. Hiyo imetokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Usimtumie mwanao kutafsiri, hata kama Kiingereza chake kinatiririka, maana utamficha yale yale uliyokuja kuyasema. Unaogopa mkalimani wa jamii yako? Omba wa simu, wa jimbo jingine, na sema mapema usitajwe jina. Mama akitaka mkalimani mwanamke, aombe. Sisi wanaume hatukasiriki. Ukizidiwa usiku na mawazo ya kujiua, piga 988, useme "Swahili" na usubiri, wataunganisha mkalimani. Na ukiniona mimi chumbani, halafu tukutane dukani, sitakusalimia mpaka wewe uanze. Nayo ni kanuni.