Anwani ya rekodi ndani ya diski

Katika chama cha ushirika wa kahawa ninakofanya kazi hapa Moshi, natunza hifadhidata ya PostgreSQL, programu ya kutunza na kutafuta data, yenye jedwali la mapokezi, ambamo kila mzigo unaopimwa kwenye mizani huandikiwa rekodi yake. Mkulima wa Kibosho anapofika dirishani kuulizia malipo yake, seva, yaani programu hiyo inapofanya kazi, haina budi kuipata rekodi ileile anayoitaka, na njia inayoipitia imenivutia tangu nilipoanza kuifuatilia.

Jedwali limehifadhiwa katika faili lililogawanywa kuwa kurasa zenye ukubwa wa baiti 8,192 kila mmoja, nalo likifikia gigabaiti 1, yaani kurasa 131,072, seva huanzisha faili jingine. Kwa kuwa kurasa zote zina ukubwa sawa, seva haihitaji kuutafuta ukurasa, bali huupigia hesabu. Tuseme unatakiwa ukurasa wa 150,000, tukianza kuhesabu na sifuri: ukiondoa 131,072 zinabaki 18,928, na 18,928 mara 8,192 ni 155,058,176, ambayo ndiyo baiti ya kuanzia kusoma ndani ya faili la pili.

Ndani ya ukurasa kuna utaratibu ambao mimi nauona kuwa mzuri kuliko yote. Mwanzoni, baada ya kichwa cha baiti 24, hupangwa vielekezi vya baiti 4 kila kimoja, vinavyoonyesha mahali rekodi zilipo ndani ya ukurasa, ilhali rekodi zenyewe hujazwa kuanzia mwisho wa ukurasa kurudi nyuma. Anwani ya rekodi basi ni namba mbili tu, ya ukurasa na ya kielekezi. Kwa hiyo seva inaweza kuzisogeza rekodi ndani ya ukurasa ili kukusanya nafasi iliyo wazi, ikasahihisha vielekezi tu, bila kuibadili anwani hata moja.

Anwani hiyo hutolewa na faharasa, yaani orodha ya kutafutia rekodi, ambayo nayo imepangwa katika kurasa kama mti: kutoka kwenye shina hadi kwenye jani lenye namba ya mwanachama, mara nyingi husomwa kurasa chache tu. Faharasa isipokuwapo, seva hulazimika kulisoma jedwali zima.

Niliwahi kuzihifadhi anwani hizo katika jedwali jingine, nikidhani ni za kudumu. Msimu huo tuliposahihisha uzito wa mizigo kadhaa, PostgreSQL iliandika nakala mpya za rekodi hizo mahali pengine, zikawa na anwani mpya, kama inavyofanya kila rekodi inapobadilishwa, nami nikatumia siku mbili kuunganisha upya kila malipo na namba ya mwanachama wake.