Maharage ndani ya glasi: mtoto asimulie alichokiona

Jaribio la maharage hufaulu au kuharibika siku ya kwanza. Loweka mbegu usiku kucha, kisha kila mtoto apachike 3 kati ya karatasi ya shashi na ukuta wa glasi, zionekane bila kufukuliwa. Maji yaishie sentimita 1 chini ya mbegu. Mbegu iliyozama hukosa hewa, ikaoza na kunuka.

Mzizi ndio hutangulia, aghalabu ndani ya siku 3 hadi 5. Hapo masimulizi hunoga. Usikubali "limeota" tu: apime kwa rula, achore, aandike tarehe.

Glasi moja imwagwe maji, ilazwe ubavu, shashi ibaki na unyevu. Mzizi utapinda kuelekea chini. Waache wabishane sababu kwanza, ndipo waandike.