Toa hiyo jiko

Julai 2021 nilikuwa naishi Pipeline, Embakasi, ghorofa ya tatu kwenye jengo la ghorofa saba, chumba kimoja na choo cha pamoja mwisho wa korido. Mi kwetu Tanga, Ngamiani, nilikuja Nairobi 2019 kushona kwenye duka moja la nguo River Road. Aliyewahi kuishi Pipeline hahitaji kuelezwa, ila kwa ambaye hajawahi, majengo yamebanana mpaka jua haliingii, saa sita mchana umewasha taa. Katikati ya jengo letu kulikuwa na uwazi kama kisima, unaanzia chini mpaka kwenye paa, na korido zote zinaangalia humo. Sauti zinashukia humo, moshi unapandia humo, na kamba za nguo za watu zimepita humo humo.

Mwezi huo serikali ya Kenya ilirudisha kodi ya VAT asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia na mtungi wangu wa kilo 6 ukaisha wakati huo huo, nikausukuma pembeni nikanunua jiko la mkaa, lile lenye udongo ndani, na mkaa wa kupima kwa mkebe kwa mama mmoja pale getini, wao wanaita makaa. Julai Nairobi ni baridi kweli, sisi watu wa pwani inatuingia hadi kwenye mifupa, kwahiyo jiko lilikuwa la kupikia maharage na la kuota pia. Kulala nalo ndani nilikuwa siwezi, kila msimu wa baridi unasikia watu wamefunga madirisha wakalala na jiko hawakuamka, ile hewa ya mkaa haionekani wala hainuki. Basi nikawa naliwasha koridoni, kwenye reli kabisa, nikiona hapo ndo salama kwa kila mtu. Juu sikutazama.

Juu yangu kulikuwa na mama ana mtoto mchanga, miezi minne hivi. Siku ya kwanza aliinama kwenye reli ya kwao akasema, "Madam, toa hiyo jiko." Basi, hakuna dada samahani, hakuna za jioni. Nilibaki na kipande changu cha boksi mkononi nimeacha kupepea. Kwetu hata anayekuja kukudai anaanza na habari za nyumbani, watoto hawajambo, mama anaendeleaje, halafu ndo deni. Siku ya pili, "Hiyo moshi inaingia kwangu, toa." Siku ya tatu nikamjibu, "Dada yangu, ukiniomba vizuri nitalitoa," akaniangalia kama sijasema kitu, akaingia ndani.

Mi nikakaza, wiki tatu. Kila jioni narudi kazini nawasha pale pale, na nilikuwa namsikia yule mtoto akikohoa usiku, nasema ukweli, nilikuwa namsikia, najiambia ni baridi tu.

Sasa na mimi nilikuwa na langu. Upande wa pili wa uwazi, ghorofa ya tano, kulikuwa na kijana ana woofa kubwa, Ijumaa na Jumamosi wenzake wanakuja. Kipindi kile cha corona baa zilikuwa zinafungwa saa moja jioni na kafyu inaanza saa nne usiku, kwahiyo watu wakinunua vinywaji vyao wanahamia kwenye nyumba, na ikishagonga saa nne hakuna wa kutoka tena mpaka saa kumi alfajiri kafyu iishe. Yani hata wangetaka kuondoka wasingeweza. Ule mdundo ukishuka kwenye uwazi ulikuwa unatingisha mfuniko wa sufuria yangu, na Jumamosi mi naamka saa kumi na moja kwenda kazini.

Nilipanda kwake mara tatu. Nilisema vile nilivyolelewa, "Samahani sana kaka yangu, naomba kama hutojali utupunguzie sauti kidogo, wengine tunaamkia kazini." Akatabasamu, akageuka ndani, "Hebu kujeni mskie Kiswahili!" Wakaja mlangoni wanne watano. "Madam rudia vile umesema." Nikarudia, nikidhani hakusikia kwa sababu ya mziki. Wakapiga makofi. Mmoja akasema Watanzania mnaongea tamu sana, mwingine akanikaribisha soda. Hakuna aliyenitukana, walifurahi kweli, na mziki haukupungua hata kidogo. Nilishuka zile ngazi nahisi kama nimeimba. Mara ya pili na ya tatu ikawa hivyo hivyo, nikifika tu wananisubiri niongee.

Kwenda polisi au kwa chifu sikutaka, karatasi zangu zilikuwa bado Nyayo House, kwa watu wa uhamiaji, zinashughulikiwa na mgeni hapendi jina lake liandikwe popote. Ila kuna mteja wetu mmoja, mama wa makamo anafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili, nilimsimulia huku nampima gauni, akaniambia Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, usiku kisheria unaanza saa mbili na dakika moja, na kwenye makazi ya watu kiwango cha usiku ni desibeli 35. Nikaandika nyuma ya risiti. Nikaenda kwa keateka, yule msimamizi wa jengo, na ile risiti. Kumbe yule mama wa juu naye alishaenda kwake kunishtaki mimi. Keateka akaona bora atuite wote siku moja, Jumapili mchana, juu kwenye paa.

Tulikuwa watu kama kumi na tano, barakoa zimening'inia kidevuni, mashuka yamening'inia pembeni. Keateka akasema madam wa ghorofa ya tatu aanze, yani mimi. Nilikuwa nimejipanga usiku kucha. Nikaanza kwa kuwashukuru majirani kwa kuja, nikasema sisi sote ni watafutaji, nikafika kwenye kelele, nikataja zile desibeli, na katikati ya maneno yangu nikaona kijana mmoja ameinua simu ananirekodi. Wengine walikuwa wanatabasamu. Si kwa ubaya, ndo maana iliniuma, mtu akikufanyia ubaya unajua pa kumshika. Hawa walikuwa wanasikiliza sauti tu, nilichokuwa nakiomba hakikumfikia hata mmoja. Machozi yakanitoka pale pale mbele za watu, nikanyamaza. Nyuma mtu akasema, "Kama kwao hakuna kelele si arudi." Hilo nalo lilisemwa.

Ndo yule mama wa ghorofa ya nne, wa juu yangu, akasimama, mtoto mgongoni. Nilijua sasa naongezewa. Akamwangalia yule kijana wa woofa, akasema, "Mimi Kiswahili yake sijali ni tamu ama si tamu. Amesema hiyo ngoma yako inamnyima usingizi na anaenda job asubuhi. Zima saa nne. Ni hiyo tu." Halafu akanigeukia mimi, sauti ile ile, uso ule ule, "Na wewe toa hiyo jiko."

Kijana akasema sawa mathe, hakuna noma, wala hakubisha. Maombi yangu yote matatu na makaratasi yangu, yeye aliyasema kwa pumzi moja na yakasikika. Mi nilikuwa nimesimama naangalia uso wake, kwasababu sauti ile niliyoibeba wiki tatu kama tusi alikuwa anaitumia kwa kila mtu pale juu, kwa kijana, kwa keateka alipomwambia alete ufunguo wa paa, hata kwa mtoto wake akimwambia alale. Hakuwa amenitukana hata siku moja. Alikuwa ananiambia jiko litoke, na mimi nilikuwa nasubiri neno naomba huku mwanae anavuta moshi.

Keateka akanipa ufunguo. Kuanzia siku hiyo nikawa nawashia kule juu, nasubiri ule moshi mzito wa mwanzo uishe na mkaa ukolee, majivu meupe yaanze kufunika, ndo nashuka nalo taratibu nimeshika kile kishikio cha waya kwa kitambaa, napiga kelele kwenye ngazi watoto wapishe. Na bado halikuingia ndani, nililihamishia upande wa ngazi kwenye upepo wa kutosha. Ni kazi, hasa ukirudi umechoka, ila ni robo saa tu, na ile robo saa ningeweza kuitoa tangu siku ya kwanza.

Jumatano yake nikakaanga vitumbua nikapanda kwake. Niliomba radhi kwa urefu wote ninaoujua, yeye kasimama kashika mlango. Akaniambia mtoto alimpeleka kliniki mara mbili, na kule wakamuuliza nyumbani mnapika na makaa, akawaambia hapana, mimi napika na gesi. Hakusema zaidi. Mi sikuwa na cha kujibu. Akapokea sahani akasema, "Ni sawa. Jiko si umetoa." Kikohozi hakikuisha siku hiyo wala wiki hiyo, nilikuwa nakisikia kila usiku nahesabu, mpaka kuelekea mwisho wa Agosti ndo nikawa sikisikii tena.

Yule kijana alijitahidi, siku moja moja akapitiliza. Kuna Ijumaa nilipanda nikamwambia mlangoni, "Zima hiyo ngoma." Nilivyosema moyo ulinidunda, mama yangu angenisikia asingejua ni mimi. Akazima kabla sijamaliza kugeuka.

Septemba, stima zimepotea jengo zima na mi nimeshusha jiko lina moto mzuri, nikasikia miguu inashuka ngazi gizani. Ni yeye, mtoto mgongoni, na sufuria ya githeri ambayo ilikuwa haijaiva, gesi imemwishia. Hakupiga hodi. Akaisogeza pale mbele yangu, "Weka hii."

Nikatoa maharage yangu, nikaweka.