Nukta tano kutoka Nairobi

Leo Jumamosi. Baada ya sala ya alfajiri sikurudi kulala. Nilichemsha kahawa, nikawasha redio, nikaiweka kwenye megahezi 14.100, nikatulia kusikiliza.

Hapo pana vituo 18 vya wapenzi wa redio vilivyotawanywa duniani, kila kimoja na zamu yake ya sekunde kumi. Kituo hutaja jina lake kwa Morse, ile lugha ya nukta (mlio mfupi) na mistari (mlio mrefu), kisha hupiga mistari minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati moja, na wa nne sehemu moja ya kumi ya wati. Baada ya dakika tatu mzunguko unaanza upya. Ukishaijua foleni yao, huna haja ya kutazama saa. Sri Lanka ilipita hafifu, kama mtu anayepiga mluzi ng'ambo ya Kilindini. Ikafuata Afrika Kusini, safi kabisa, nikahesabu mistari mitatu. Wati moja, umeme wa taa ndogo ya usiku ya chumba cha mtoto, umevuka zaidi ya kilomita 2,500 mpaka kwenye waya wangu hapa Mombasa. Kisha ikaja zamu ya Nairobi, jina lake hewani 5Z4B. Kimya. Sekunde kumi za mvumo mtupu.

Nairobi ni kama kilomita 440 tu kutoka hapa ukikata moja kwa moja. Basi la usiku linakufikisha. Lakini wimbi la mita 20, ndilo hili la megahezi 14, halipiti barabarani. Linapanda hadi kwenye tabaka la hewa lililotiwa chaji na jua, kilomita mia mbili, mia tatu hivi juu yetu, na huko linapindwa kurudi chini. Asubuhi tabaka hilo bado jepesi. Linaweza kulipinda wimbi linalokuja kwa kulala, ila linalopanda karibu wima hulipenya na kupotelea angani. Ndiyo maana wa mbali anasikika na jirani karukwa.

Kwangu mimi utamu wote wa redio ya ridhaa uko hapo. Simu ukipiga, unajua itaita. Hewani unaita bila kujua nani atakusikia, na wakati mwingine hujibiwi na mtu yeyote kwa saa nzima, halafu sauti ngeni inataja alama yako ya wito, herufi moja moja, na moyo unaruka. Nina miaka mingi kwenye kazi hii na bado moyo unaruka.

Aliyenifundisha ni mzee wa mtaani kwetu, Mungu amrehemu, aliyefanya kazi ya redio melini karibu maisha yake yote. Jioni nilikuwa nikibisha hodi, "Shikamoo babu," naye bila kugeuka huniitikia, "Marahaba mwanangu, njoo umsikie huyu." Karatasi alinikataza kabisa. Alichukua kijiko akawa anagonga ukingo wa kikombe cha chai. "Ukihesabu nukta ushachelewa," alikuwa akisema. "Sikiliza kama unavyosikiliza ngoma." Tano ni nukta tano za haraka mfululizo, kama kuku anavyodonoa mtama kwenye ungo. Mpaka leo nikisikia kuku, nasikia tano.

Mwaka 1999 meli duniani zilipoacha rasmi kutegemea Morse kwa usalama wa baharini, Babu alinyamaza siku nzima. Kesho yake aliniita akanikabidhi kile kidude chake cha shaba cha kupigia. Kitako chake kilikuwa kimelainika pale kiganja kilipoegemea. "Shika," akaniambia. "Hewani bado wanapiga." Mwaka huohuo nikapata leseni.

Tangu hapo umri wangu naupima kwa jua. Madoa yake huongezeka na kupungua kwa mwendo wa miaka kama 11, na mawimbi yetu hufuata. Mwaka 2001 nilikuwa nikizungumza na Japani kwa megahezi 28 kama nazungumza na mtu wa Likoni. Mwaka 2009 masafa hayohayo yalikufa, wiki baada ya wiki, na redio nikaifunika kitambaa. Karibu niiuze. Nashukuru sikuiuza, kwa sababu 2014 jua lilirudi, likalala tena, na 2024 likafika kilele kingine ambacho nguvu zake bado tunazila. Kinachofuata nitakuwa mzee wa mkongojo, nikijaaliwa.

Mchana nilishusha antena. Ni waya wa shaba tu, mita kumi na kidogo, umekatwa katikati, mkono mmoja umefungwa kwenye mnazi, wa pili kwenye mwarobaini. Chumvi ya bahari inakula viungo. Kile cha katikati kilikuwa kimegeuka kijani na nyuzi mbili zilishakatika. Nilikikwangua kwa kisu mpaka shaba ikang'aa, nikakilehemu upya, nikakizungushia mpira, nikavuta kamba kuurudisha waya juu. Mjukuu wangu alishika kamba. Hakuuliza chochote, ila fundo alilifunga vizuri.

Alasiri jua la siku nzima linakuwa limelinenepesha lile tabaka, na huku kwetu karibu na Ikweta linanenepa hasa. Nikarudi kwenye 14.100 na mtoto kando yangu. Sri Lanka hakuna. Afrika Kusini ikapiga. Halafu, bila kumwambia kitu, nikamwona kainua kichwa: nukta tano za haraka. Kuku kwenye ungo.

Nimeandika daftarini: 5Z4B, saa tisa na dakika ishirini na mbili, mistari miwili. Chini yake yeye kaandika jina lake.