Majuma Manne Njiani na Udi Mmoja: Kutoka Unguja hadi Lamu na Nairobi

Kwa miaka tisa nilipiga udi katika kikundi cha taarab mjini Unguja, nikikaa katikati ya fidla, kanuni, akodiani, besi, dumbaki na waitikiaji, na nilikwisha zoea kuisikia sauti ya udi wangu ikimezwa na sauti za wenzangu. Tulipopata mialiko ya kwenda bara au Kenya, mara nyingi tuliikataa, kwa sababu nauli na malazi ya watu zaidi ya ishirini hayakuweza kulipwa na ukumbi wowote mdogo. Mwaka jana niliamua kwenda peke yangu, nikapiga katika nyua, vyumba vya kuketia na sehemu za juu za nyumba ambazo haziingizi watu zaidi ya hamsini. Naeleza jinsi nilivyoiendesha safari hiyo kwa kuwa wapigaji kadhaa wa pwani wameniuliza, na kwa kuwa naamini kwa dhati kwamba muziki wetu una makazi yake katika vyumba vya namna hiyo. Hata kundi la Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Unguja, lililovuka bahari hadi Bombay kurekodi mwaka 1928, lilikuwa la watu wachache wanaoweza kuenea katika sebule moja.

Uamuzi mkubwa niliouchukua kabla ya kuondoka ni kwamba sitapiga siku ile ile ninayofika. Kila mahali ningelala usiku mmoja kwanza. Uamuzi huo ulinigharimu, kwani usiku wa ziada ni malazi ya ziada na chakula cha ziada, na rafiki mmoja aliyekwisha kuzunguka na gitaa lake aliniambia kwamba nitarudi na madeni. Lakini udi si gitaa. Uso wake ni ubao mwembamba wa unene wa takriban milimita mbili, mgongo wake ni vipande vyembamba vya mti vilivyokunjwa na kuunganishwa kwa gundi, shingo yake haina vituo vya kuongoza vidole, na nyuzi zake kumi na moja, yaani jozi tano na uzi mmoja mnene wa peke yake, huuvuta uso huo mchana na usiku. Mti wa namna hiyo hunywa unyevu wa kila mji unaoingia na hutoa ule wa mji uliotoka, na katika saa zile za kunywa na kutoa, nyuzi hazikai mahali zilipowekwa. Mpigaji anayeshuka garini saa kumi na kuanza kuimba saa mbili usiku atatumia nusu ya muda wake akikaza funguo za nyuzi mbele ya wageni.

Nilisafiri katika mwezi wa Rajabu, kaskazi ikiwa imekolea. Mwezi huo niliuchagua kwa makusudi, kwani mwezi wa Shaabani pwani yote hushughulika na harusi na wapigaji hawapatikani wala wasikilizaji hawana nafasi, na Ramadhani ikiingia hakuna atakayekufungulia mlango kwa ajili ya taarab. Kwa kila mwenyeji niliandika barua mapema na kumwuliza mambo machache: kuna msikiti gani karibu na sala ya Isha huswaliwa saa ngapi, kuna jenereta au runinga jirani, wageni watakaa chini au juu ya viti, na je, chakula kinaweza kuliwa kabla au baada ya nyimbo badala ya wakati wa nyimbo. Swali la mwisho ndilo lililowashangaza wengi, nami nilishikilia jibu lake. Kijiko kikigonga sahani katika chumba cha watu thelathini, mpigaji hukisikia kuliko anavyousikia uzi wake mwembamba.

Nyimbo nazo zilihitaji kazi. Wimbo wa kikundi huanza kwa mwingilio mrefu wa ala zote, na kati ya ubeti na ubeti fidla hujibu maneno ya mwimbaji, hivyo ukiuondolea ala hizo na kuuimba vivyo hivyo, hubaki na mashimo. Nilikaa miezi miwili nikizipanga upya nyimbo kumi na nne. Mahali pa mwingilio huo niliweka taksimu fupi, yaani upigaji wa papo kwa papo wa udi peke yake, wa dakika mbili au tatu, ili masikio ya watu yaingie katika maqamu, yaani mpangilio wa sauti za wimbo, kabla ya shairi kuanza, na mahali pa fidla niliuachia ule uzi mnene wa peke yake ujibu kwa sauti tatu au nne tu. Nilijifunza pia kuimba kwa sauti ndogo, jambo ambalo ni gumu kwa mtu aliyelelewa na kipaza sauti. Sikubeba spika wala kipaza sauti chochote, na sijajuta.

Dar es Salaam haikuniendea vyema. Mgahawa mmoja ulikuwa umekubali masharti yangu yote kwa maandishi, lakini jioni ile ile mpira ulionyeshwa katika chumba cha pili na watu walikuwa wakishangilia nyuma ya ukuta wangu. Niliimba nyimbo nne, nikamshukuru mwenyeji na kuondoka bila kudai malipo. Tangu hapo sikutegemea barua peke yake: usiku wangu wa ziada niliutumia kwenda kuketi katika chumba chenyewe saa ile ile ambayo ningeimba kesho yake, nisikilize kinachosikika. Tanga ilikuwa faraja. Mji uliotoa vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star una wazee wanaojua kusikiliza, na katika ua wa nyumba moja karibu na bandari waliniomba nirudie ubeti mara tatu kwa sababu tu waliupenda mzani wake.

Kutoka Tanga hadi Mombasa, kwa njia ya Horohoro na Lunga Lunga, nilifanya kosa ambalo nusura liikatishe safari. Mpaka wenyewe haukuwa tatizo. Nilikuwa na pasipoti, barua za mwaliko, kitambulisho changu cha usanii na picha za udi nilizozipiga kabla ya kutoka nyumbani, na ofisa wa forodha aliufungua mkoba, akautazama, akaufunga. Kosa lilikuwa garini. Hadi Tanga nilikuwa nikiukatia udi tiketi na kuufunga kwa mkanda kwenye kiti kilicho karibu nami, lakini siku ile basi lilikuwa limejaa, na utingo alipousukuma mkoba ndani ya buti, sikubisha. Buti la basi katika jua la kaskazi ni tanuri, na gundi ya asili inayotumiwa na mafundi wa udi hulainika kwa joto na unyevu. Tulipovuka feri ya Likoni na kuufungua mkoba kwenye chumba cha mwenyeji wangu, niliona ufa mwembamba kama unywele pale uso unapokutana na mbavu, na daraja linaloshika nyuzi lilikuwa limeanza kuinuka kwa upande mmoja.

Mwenyeji alinipeleka kwa fundi mmoja wa Mji wa Kale, mzee anayetengeneza samani lakini aliyewahi kuzihudumia udi za wapigaji wa Mombasa. Alilegeza nyuzi zote kabla ya kusema neno. Kisha akauweka udi kwenye meza, akaupigapiga kwa ncha ya kidole akifuata mzingo wake, na kila mahali pasipo na gundi mlio ulikuwa mkavu zaidi, hata mimi niliusikia. “Mwanangu,” aliniambia, “huu haukuvunjika, umechoka. Uache.” Alitia gundi, akaubana kwa mikanda ya mpira iliyokatwa kutoka kwenye mipira ya ndani ya baiskeli, na akanikataza kuugusa kwa siku mbili. Ningekuwa nimepanga kuimba siku ile ya kufika, ningelazimika kuvunja ahadi. Kwa kuwa nilikuwa na usiku wangu wa ziada, niliahirisha onyesho kwa siku moja tu. Tangu hapo sikusafiri tena nyuzi zikiwa zimekazwa. Nilizishusha kwa sauti moja nzima kabla ya kila safari, nikaweka kitambaa laini chini yake, na nikakataa kupanda gari lolote lisilokuwa na nafasi ya viti viwili.

Lamu ndiyo niliyoisubiri zaidi. Mji huo ni kwao Zein l’Abdin, mpigaji udi ambaye jina lake lilikuja kujulikana akiwa Mombasa, na huko huko Lamu kabla ya udi kulikuwa na kibangala, ala ndogo ya nyuzi ambayo uso wake ni ngozi. Njia ya kwenda ni ndefu, ya Malindi, Garsen na Witu, yenye vizuizi vya polisi, na mwisho wake ni Mokowe, ambako unavuka kwa boti. Punda walichukua begi langu. Udi niliubeba mwenyewe kifuani.

Nyumba niliyoimba iko Mkomani, ni nyumba ya mawe ya zamani yenye daka, yaani kibaraza cha kuingilia, mlangoni, kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi, katikati, na vyumba virefu vyembamba vinavyofuatana nyuma yake. Vyumba hivyo ni vyembamba kwa sababu dari yake hushikwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi urefu fulani, basi wajenzi wa kale waliurefusha upande mmoja na kuubana mwingine. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, na ukuta wa ndani una zidaka, vile vijumba vidogo vilivyochongwa kwa safu. Nilipofika niliketi mwishoni mwa chumba, kama mtu anavyoketi jukwaani, nikapiga. Sauti ilikwenda mbele na kufia njiani. Mama mwenye nyumba, ambaye wote walimwita Bibi, aliniamkia kwa upole, akanionyesha mahali pengine kwa mkono wake: katikati ya ukuta mrefu, mgongo ukielekea zidaka. “Keti hapa kati, mwanangu. Nyumba hini haina mbele wala nyuma.”

Nilikaa pale jioni nzima ya siku ya kwanza nikijaribu, na nikaelewa kwa nini alisema vile. Zidaka zilikuwa zikiivunja sauti vipande vipande na kuirudisha kwa upole, hata uzi mwembamba nilioupiga kwa risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, bila nguvu ulisikika hadi kwa mtu aliyekaa kwenye kiwanda. Usiku wa pili walikuja watu thelathini na wanane. Walikaa kulia na kushoto kwangu, na kwenye mikeka mbele yangu umbali wa hatua mbili, na niliimba nyimbo kumi bila kupandisha sauti hata mara moja. Sijawahi kuimba vizuri hivyo, na nasema hivi nikijua kwamba nusu ya uimbaji ule ulikuwa wa nyumba.

Hapo ndipo pia nilipotatua jambo la kutunza, yaani kumzawadia mwimbaji fedha. Katika ukumbi mkubwa mtu akiguswa na ubeti huinuka, huja mbele na kuweka noti mkononi mwa mwimbaji au juu ya meza, na muziki unaendelea. Chumbani, mtu mmoja akiinuka watu watano hulazimika kukunja miguu, na maneno hupotea. Nilikuwa nimekusudia kuweka sinia mlangoni ili watu waweke wanachopenda wakitoka, lakini ningekuwa nimeondoa kitu ambacho ni sehemu ya wimbo wenyewe, kwani anayetunza anaudai ubeti ule uwe wake, na mara nyingi kwa ubeti huo humpelekea ujumbe mtu fulani aliyemo chumbani. Badala yake niliurefusha mlio wa udi baada ya kila ubeti, muda wa kutosha mtu kuja na kurudi mahali pake, na sikuanza ubeti mwingine kabla hajaketi. Wote walielewa bila kuambiwa.

Kwa upande wa fedha, makubaliano yangu na kila mwenyeji yalikuwa ya namna moja: kiingilio kidogo, theluthi mbili zangu na theluthi moja ya nyumba, na tunzo zote za mpigaji. Maonyesho tisa yalilipa nauli, tiketi za udi, fundi na usiku wote wa ziada, na nilirudi na akiba ambayo si kubwa lakini haina deni ndani yake. Malazi mengi yalikuwa kwa wenyeji wenyewe, na naamini nisingepewa kama ningekuwa mtu wa kufika jioni na kuondoka asubuhi.

Nilirudi Mombasa na kupanda treni kwenda Nairobi, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na ambao mwezi wa Januari hewa yake ni kavu. Nililijua hilo, na ndani ya mkoba nilitia kisanduku cha sabuni nilichokitoboa matundu, chenye sponji lililoloweshwa na kukamuliwa. Hata hivyo, asubuhi ya kwanza nyuzi zote zilikuwa zimeshuka, na funguo, ambazo pwani huwa nzito kwa unyevu, zilikuwa zikiteleza zenyewe. Nilizisugua kwa chaki na sabuni kavu, nikakaza kidogo kidogo tangu asubuhi hadi usiku, na kesho yake, katika chumba cha juu cha duka la vitabu, udi ulikuwa umetulia. Wasikilizaji wengi walikuwa vijana waliolipa kwa simu na ambao hawakuwahi kuusikia udi kwa karibu. Baada ya onyesho walikuja kuutazama uso wake, nami nikawaonyesha mahali fundi wa Mombasa alipotia gundi.

Boti ya kurudi Unguja ilifika wakati wa magharibi. Mama alitaka nimpigie japo wimbo mmoja, na majirani walikuwa wamekwisha kukaa barazani wakingoja. Niliwaomba radhi, nikauweka mkoba juu ya kabati bila kuufungua, nikawaambia waje kesho baada ya Isha.