Kumbe ngano ilikuwamo kwenye urojo

Ilikuwa Jumanne moja mwezi wa pili 2018, jua la Kikwajuni hapa Zanzibar linaunguza, na mie nimetoka skuli mapema kwa sababu watoto ninaowafundisha walikuwa na mtihani wa asubuhi tu. Nikapita kwa mama wa urojo, yule anayetuuzia ule mchuzi wa embe na ndimu, kama kawaida yangu ila siku hiyo nilikuwa nimewahi mno, saa nane haijatimia, meza yake ya barazani bado tupu, hata vibakuli hajavitoa. Akanisikia nabisha hodi akaniita toka ndani, "Pita mwanangu, urojo ndo kwanza nauweka motoni, njoo uniongeleshe."

Nikapita. Nisingepita siku ile sijui ningeumwa mpaka lini.

Maana mie nilikuwa mgonjwa wa tumbo wa miaka. Minne, mitano, nishasahau hesabu. Linajaa gesi linavimba mpaka watu wananiuliza kama nina mimba, naharisha wiki nzima, nakaa sawa siku tatu, linaanza tena. Vidonda vya mdomo haviishi. Damu haikai mwilini, nikipimwa nina 7, napewa vidonge vya kuongeza damu, inapanda kidogo halafu inashuka palepale. Kilo 41 na mie si mfupi. Kuna spitali nilikwenda mpaka wauguzi wakanijua kwa sura, na kila nikienda ni dawa za minyoo na vidonge vya damu, nikirudi tena dawa za minyoo na vidonge vya damu, hakuna hata siku moja aliyeniuliza mwenzetu unakula nini. Nyumbani nako kila mtu na lake. Shangazi akasema huo mchango, yale maradhi ya tumbo, akaniletea mizizi ya kuchemsha. Bibi yangu yuko Wete, yeye akasema hilo jicho la mtu, akaniandikishia kombe, zile aya za Kurani zinazoandikwa kwa zafarani zikaoshwa zikanywewa, nikalinywa lote na zafarani yake na marashi yake, na mie kombe silisemi vibaya, nilipolinywa moyo ulitulia kweli, lakini tumbo lilibaki lilelile.

Aliyenifumbua macho ni daktari mmoja wa tumbo Dar es Salaam. Kaka yangu alinilipia nauli ya boti na gharama zote, Mungu amzidishie. Yule daktari hata karatasi zangu hakuzifungua, kitu cha kwanza kuniuliza ni "Asubuhi unakula nini?" Nikamwambia chai na boflo, kama si boflo chapati, kama si chapati maandazi. Na usiku? Nikamwambia inategemea, mkate wa ufuta na mchuzi, pengine tambi. Akawa anaandika tu. Halafu akaniambia kitu ambacho natamani kila mtu akijue, kwamba anataka kunipima damu na kunipitisha kamera ya tumboni lakini nisiache kula ngano mpaka vipimo viishe, kwa sababu ukiiacha kabla, kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa na wakati unao. Na mie nilikuwa nishaanza kufikiria kuacha chapati mwenyewe!

Majibu yalipokuja akanichorea kwenye karatasi. Akasema utumbo mdogo kwa ndani umeota vinyweleo vidogo vidogo kama zulia, ndivyo vinavyonyonya chakula, na wa kwangu zulia lake limenyolewa. Kinga ya mwili wangu ikikutana na gluteni, ambayo ni ile protini ya kwenye ngano na shayiri na nafaka moja ya Ulaya iitwayo rai, inageuka inaupiga utumbo wangu mwenyewe. Ndo maana chuma hakinyonyeki, ndo maana damu haikai, hata ningemeza vidonge kapu zima. Ugonjwa unaitwa siliaki. Dawa yake hakuna, dawa ni kuacha gluteni maisha, si kupunguza, kuacha.

Mama aliponiona nimerudi na habari hiyo alikaa kitako kwenye busati akaniuliza, "Yaani mkate? Mkate huu huu tunaokula watu wote?" Nikamsimulia niliyosimuliwa na daktari, kwamba kulikuwa na daktari wa watoto Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyekuwa akiwatibu watoto wenye ugonjwa huu na alishaanza kuishuku ngano hata kabla ya vita, halafu ikaja ile njaa kubwa ya Uholanzi mwisho wa vita, baridi ya 1944 kuingia 1945, mikate hakuna, na wale watoto wagonjwa badala ya kuzidiwa wakapata nafuu, mikate iliporudi wakaumwa tena. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake juu ya jambo hilo. Mama akanyamaza sana. Halafu akasema, "Basi mie mwenyewe nilikuwa nakulisha maradhi kwa mkono wangu," na akalia, na mie nikalia, maana chapati za mama yangu mtaa mzima wanazijua.

Toka siku ile jikoni kwetu kulibadilika. Mama alinunua mwiko mpya na chano kipya cha kwangu peke yangu akavifunga kitambaa chekundu. Asubuhi ikawa muhogo wa nazi, au viazi vitamu, au vitumbua na chila anazozipika mwenyewe kwa mchele tuliouloweka na kuusaga wenyewe, mana kuna wanaotia unga wa ngano kidogo ili zishikane. Mkate wa kumimina vilevile, ule wa mchele mtupu nakula, wa kununua sithubutu. Hata mofa, ambayo sisi tunaijua ni ya mtama, siku hizi wengine wanaichanganya. Uji wa shayiri wa mwezi wa Ramadhani ndo basi. Boko boko la Idi la bibi, lile la ngano na nyama, ndo basi kabisa, na hilo mpaka leo likinipita mbele ya pua najua nimekosa nini.

Tatizo langu halikuwa nyumbani. Tatizo lilikuwa kwa watu. Kwetu mtu akikuwekea sahani mbele ukasema sili, umemvunjia heshima, hata ukieleza vipi. "Onja tu kidogo." "Kidogo hakidhuru." "Sema bismillahi ule." Nimeisikia hiyo kwenye maharusi, kwenye hitma, kwa majirani, na wote wananipenda, hakuna aliyenitakia ubaya, na hicho ndo kinachofanya iwe ngumu.

Basi mwezi wa kwanza nikapata nafuu nzuri. Wa pili nikaongeza kilo tatu. Wa tatu ukaanza kuniharibikia. Si kama zamani, lakini tumbo linakuja linakwenda, linakuja linakwenda. Nikaanza kuhisi daktari kakosea. Mama ndo akatoa wazo la daftari, akasema andika kila kinachoingia mdomoni, upande huu chakula, upande wa pili tumbo limekuaje. Nikaandika wiki sita. Na kwenye daftari lile urojo ulikuwepo Jumanne na Ijumaa, Jumanne na Ijumaa, na Jumatano na Jumamosi upande wa pili kumejaa maandishi. Niliuona ule mpangilio wallahi, niliuona, lakini akili ikakataa. Urojo si mkate. Urojo maji maji ya embe na ndimu na manjano, viazi, bhajia za dengu, chips za muhogo, mshikaki, chatne ya nazi juu. Nikadhani ni pilipili. Nikaacha pilipili.

Ndo sasa nimekaa jikoni kwa mama wa urojo.

Sufuria lake kubwa lile jeusi chini liko motoni, vipande vya embe mbichi vinachemka vinapanda vinazama. Tunazungumza habari za mwanawe aliye Muscat. Akavuta bakuli la plastiki, akachota unga kwenye mfuko kwa kikombe, kikombe kimoja, cha pili, akatia manjano, akatia maji akawa anakoroga kwa mkono, ule unga mweupe ukageuka njano pole pole, kuna madonge madonge yamebaki meupe katikati. Akaweka chujio juu ya sufuria akamimina, na yale madonge yaliyobaki juu ya chujio akawa anayaponda kwa vidole viwili mpaka yakapita yote. Nikamwangalia vidole vyake. Nikauangalia ule mfuko. Nikamuuliza, na sauti nilihisi si yangu, "Bi mkubwa, huo unga gani?"

"Wa ngano mwanangu. Urojo bila unga si utakuwa maji ya ndimu."

Sikusema kitu. Machozi yalinitoka tu, yeye akashituka akadhani nimepata habari mbaya, akaacha upawa akaja kunishika bega. Nikamwambia yote, pale pale, jikoni, na moshi. Ugonjwa, Dar es Salaam, kamera, zulia lililonyolewa. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema kile wanachosema wote, ila kwa huruma, "Lakini vikombe viwili tu kwa sufuria lote hili, wewe unapata kibakuli, si kitu hicho."

Nikamwambia Bi mkubwa, kipimo wanachotumia duniani kuita chakula hakina gluteni ni kisizidi miligramu 20 kwenye kilo nzima ya chakula. Miligramu! Hata ungetia kijiko kimoja tu kwenye sufuria la lita kumi ungekuwa umeshavuka, vikombe viwili ndo usiseme. Akakaa chini kwenye mbuzi, ile mbuzi ya kukunia nazi, akanitazama. Akauliza, "Na bhajia?" Nikamuuliza unatia nini, akasema dengu, na ngano kidogo zisimeguke. "Na kachori?" Akajijibu mwenyewe, "Kachori nazichovya kwenye unga." Akazidi kuhesabu kwa vidole, na mafuta je, muhogo anaukaanga kwenye karai lile lile zinamokaangwa kachori na sambusa, mafuta yale yale, na makombo ya unga yako chini. Kila kidole alichokikunja uso wake ulizidi kuanguka. Mwisho akasema, "Basi miezi yote hii nakuuguza mie," na nikamwona sura ya mama yangu siku ile kwenye busati.

Nikamwambia hapana, hukujua, na mie sikuuliza. Hilo la kutouliza liliniuma mie zaidi kuliko tumbo, kwa sababu kwa mama yangu nilikagua mpaka mwiko, huku nje nikaamini macho tu.

Siku ile niliondoka na njaa. Nyumbani tukajaribu urojo wetu, mama akatia unga wa mchele, ukawa uji, hauna mvuto kabisa. Mara ya pili tukatia unga wa dengu tuliousaga wenyewe kutoka dengu tulizozichambua, mama akauchemsha muda mrefu mpaka ile harufu ya ubichi ikatoka, akazidisha embe, na huo sasa tukaunywa tukamaliza, sitosema ni sawa na wa Kikwajuni kwa sababu si sawa, lakini ni urojo.

Kwa mama wa urojo sikupita wiki tatu. Si kwa hasira, niliogopa harufu tu. Yeye ndo akamtuma mjukuu wake skuli, mtoto akanisubiri getini na beskeli, akasema, "Bibi kasema uje Jumamosi saa saba, usichelewe, na usile."

Nikaenda. Nikamkuta kalisugua karai kwa mchanga na majivu mpaka linang'aa, yuko na dumu la mafuta hata kifuniko hakijavunjwa. Akasema Jumamosi ndo siku anayobadilisha mafuta, na toka leo kitu cha kwanza kuingia kwenye mafuta mapya ni muhogo wangu, kabla ya bhajia, kabla ya kachori, mfuko wa unga hata haujafunguliwa. Kisu kipya, kichungio kipya, kavitenga kwenye kikapu ukutani. Nikakaa mie kwenye mbuzi nikakuna nazi ya chatne huku yeye anatupia vile vipande vyembamba vya muhogo kimoja kimoja, vinazama, vinapanda, vinapiga kelele, rangi inaingia pembeni kwanza halafu katikati. Akanimwagia kwenye sahani ya udongo aliyoitoa kabatini kwake, si vibakuli vya biashara, chumvi, ndimu, chatne juu. Akasimama mbele yangu mikono kiunoni mpaka nilipotia kipande cha kwanza mdomoni.

Nilikula sahani mbili.

Jumapili asubuhi nililala mpaka saa mbili, nikaamka, nikangoja. Nikanywa chai, nikangoja tena. Mchana nikafungua daftari, upande wa chakula nikaandika muhogo, chatne, mafuta mapya, Kikwajuni. Upande wa pili sikuandika kitu.