Siku moja kwenye chumba cha CT: kupima aneurizimu ya ubongo, milimita kwa milimita

Saa 1:00 asubuhi. Mashine inaamshwa kabla wagonjwa hawajaingia: tyubu inapashwa moto, kisha inafuata kalibresheni ya hewa. Chupa za kontrasti, dawa inayofanya mishipa ing'ae kwenye picha, ziko kwenye kabati la joto, nyuzi 37. Kontrasti ya baridi ni nzito, presha ya pampu hupanda na sindano ikakatishwa katikati.

Saa 2:00. Mama wa miaka 58, ana presha. CT ya kawaida aliyopigwa kwa maumivu ya kichwa imeonyesha kitu kama aneurizimu, yaani kifuko kilichovimba kwenye ukuta wa mshipa, kwenye ateri ya kati ya ubongo, upande wa kulia. Leo ni CT ya mishipa. Kreatinini, kipimo cha figo, imeshaangaliwa. Kanula ni geji 18, mkono wa kulia, kwenye kiwiko. Ukichoma kushoto, vena inapita njia ndefu zaidi kifuani na kontrasti hupenda kurudi juu shingoni. Ile kanula ya buluu, geji 22, aliyotoka nayo wodini mgongoni mwa kiganja, tunaiacha. Haihimili mililita 4.5 kwa sekunde.

Dozi ni mililita 60, kisha saline (maji ya chumvi) mililita 40 ya kusukuma. Kabla ya kutoka chumbani: "Mama, utasikia joto mwili mzima, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea, ni dawa. Usimeze mate, usitikisike." Maneno hayo yanaokoa picha nyingi kuliko kitufe chochote cha mashine.

Skani inaanza kontrasti ikifika kizingiti kwenye aota. Ukichelewa sekunde chache, vena nazo zinawaka. Balaa kubwa ni kwenye sakafu ya fuvu, ambako damu ya vena inaizunguka ateri ya karotidi: aneurizimu ndogo ya hapo inamezwa na weupe wote ule.

Saa 3:30. Sasa kwenye kompyuta, na hapa hatuharakishi. Picha ya 3D yenye rangi ni nzuri ya kumwonyesha mpasuaji, si ya kupimia. Kizingiti cha mwanga cha kuichora kikipanda kidogo aneurizimu inasinyaa. Kikishuka inanenepa na kuungana na mshipa jirani. Tunapima kwenye vipande vya milimita 0.6, tukivizungusha mpaka mkato upite katikati ya shingo (mlango wa kifuko) na tumbo lake kwa pamoja, maana aneurizimu nyingi zina umbo la mtungi uliolala upande. Mkato ukienda mshazari, shingo inaonekana pana kuliko ilivyo.

Za huyu mama, kwa milimita: kimo 7.4, shingo 3.9, ateri mama (mshipa ambako kifuko kimechipuka) 2.6. Kimo kwa shingo ni 1.9. Juu ya 1.6 tunaanza kukunja uso, ingawa namba hiyo peke yake haimpeleki mtu tiata. Tunatafuta pia kinundu kilichochomoza ubavuni. Kwenye utafiti wa Japani wa UCAS, 2012, aneurizimu zenye kinundu zilipasuka zaidi. Yake ni laini.

Mtego wa wanafunzi uko kwenye mwanzo wa ateri unganishi ya nyuma. Mpanuko wa pembetatu, chini ya milimita 3, mshipa ukitokea kileleni hasa, ni maumbile tu. Mshipa ukitokea ubavuni, angalia upya.

Saa 5:00. Dharura: kijana aliyepigwa na maumivu ya ghafla ya kichwa. CT bila kontrasti kwanza. Damu ipo, basi mahesabu ya hatari ya kupasuka hayamhusu tena. Anapigwa ya mishipa palepale na mpasuaji anapigiwa simu.

Saa 7:00 mchana. MRI za ufuatiliaji. MRI hulinganishwa na MRI, CT na CT. Kukua ni milimita 1 au zaidi, au umbo kubadilika. Kwenye aneurizimu kubwa, damu inayozunguka polepole hupoteza mwanga kwenye MRI isiyo na kontrasti, na mtu akaandika "imepungua" kumbe haijapungua.

Saa 8:30. Kikao na wapasuaji. Mama wa asubuhi kwenye PHASES, alama za kukadiria hatari ya aneurizimu kupasuka: presha 1, ukubwa wa 7 hadi 9.9 alama 3, ateri ya kati 2. Jumla 6, yaani hatari ya kupasuka ndani ya miaka 5 ni asilimia 1.7. Kama tungepima 6.8, alama zingekuwa 3 na hatari asilimia 0.7. Mkato mmoja mbovu unatosha kumhamisha.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. PHASES ya 2014 ilijengwa kwa watu 8,382 wa Ulaya, Amerika Kaskazini na Japani. Wafini wana alama 5, Wajapani 3. Mtanzania hana kisanduku chake. Sisi huweka 0 kwa kukosa kisanduku kingine, na tunaliandika hilo kwenye ripoti. Sigara nayo haimo kwenye alama, ila iandikwe.

Saa 10:00 jioni. MRI ya ukuta wa mshipa, kwa wale ambao kikao kimegawanyika. Ukuta usiowaka baada ya gadolinia (kontrasti ya MRI) unatuliza kiasi. Unaowaka hauthibitishi hatari, kwa sababu damu iliyotuama ukutani huiga mwako uleule.

Saa 11:30. Ripoti: mahali, kimo, upana, shingo, ateri mama, umbo, na aina ya skani. Picha zenye mistari ya vipimo zinahifadhiwa pamoja na data ghafi ya vipande vyembamba, na mgonjwa anapewa CD yake. Mwakani atakayepima ataweka mistari palepale.